Mwani Mweupe wa Ibula

Maziwa yaliletwa kwa Tusekile Mwambungu ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi iliyosuguliwa ikatakata. Aliyeyaleta, daktari wa mifugo wa kata ya Ibula, aliomba radhi mara mbili kwa kumsumbua mtu wa mwani na habari za ng'ombe. Alieleza kwamba ng'ombe watatu wa mama mmoja kijijini kwake walikuwa na viwele vigumu kama mawe, maziwa yao yanatoka majimaji yenye mabonge, na dawa zote alizozijua zimeshindwa. Kwenye hadubini yake ndogo ya kazini aliona vitu alivyodhani ni hamira. Lakini hamira huchipua mtoto ubavuni, naye hakuona chipukizi hata moja. Vitu vile viligawanyika ndani kwa ndani, kimoja kikawa vinne, au sita, au vinane, vyote vikiwa bado ndani ya ngozi ya mama yao, vimepangana kama vipande vya chungwa.

Tusekile aliposikia habari ya chungwa aliweka kalamu chini.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa ameimalizia ndani ya Nyumba ya Mwani ya Tukuyu, jengo refu lililoezekwa kwa vioo, ambamo aina elfu nne na ushee za mwani kijani zilitunzwa zikiwa hai kwenye mirija. Wageni walioingia humo kwa mara ya kwanza walishangaa, maana sehemu kubwa ya rafu haikuwa na ukijani wowote. Palikuwa na mwani wa rangi ya chungwa alioukwangua mwenyewe kwenye magome ya miti, na mwani mwekundu uliotoka kwenye mabwawa ya chumvi. Aliwaambia kila mara kwamba neno kijani hapo lilikuwa jina la ukoo, na rangi ni vazi tu. Mwani ule wa rangi ya chungwa una umbijani ndani yake, ile rangi ya majani inayopika chakula kwa mwanga. Umejifunika tu usiungue na jua. Na ukoo wenyewe una nyumba kubwa mbili. Katika ya kwanza umo mwani mpana wa baharini pamoja na vidonge vidogo vya madimbwini. Katika ya pili zimo nyuzi laini za kwenye chemchemi, ambazo kwa damu ni ndugu wa karibu zaidi wa mahindi na migomba kuliko zilivyo ndugu wa mwani wa jirani zao.

Kilichomtoa kalamu mkononi ni jambo ambalo wageni hakuwaambia sana. Katika nyumba ile ya kwanza, kwenye tawi la vidonge vya duara, wamo walioutupa ukijani wao kabisa. Waliacha kupika, wakaanza kula vya wengine. Hao hupenda maziwa, na wakipata jeraha hupenda nyama.

"Umefanya vizuri kuyaleta," alimwambia daktari. "Hii si hamira. Ni mwani."

Daktari aliitazama chupa, kisha akautazama mguu wa kushoto wa Tusekile, uliokuwa umenyooshwa juu ya kigoda karibu na dirisha, bila kiatu wala soksi. Kisigino na nusu ya wayo vilifunikwa na utando mbichi wa kijani uliong'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Hakushangaa. Mwaka ule watu elfu kumi na moja nchini walikuwa na utando kama huo mwilini.

*

Kwa mtu asiye na kidonda, utando ule, ulioitwa bandeji hai, ulikuwa habari ya redioni. Kwa mwenye kidonda ulikuwa mguu wenyewe. Tusekile alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka arobaini, na kidonda cha kisigino kilipofikisha mwaka wa pili, daktari bingwa alimchorea mstari wa wino chini ya goti, kumwonyesha mahali msumeno utakapopita. Wiki hiyo hiyo ndipo Lwitiko Kasebele, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, alipomletea bandeji ya kwanza.

Lwitiko alikuwa ameuchota mwani wake kwenye ukuta wa tangi la maji ya mvua, aina ya duara isiyo na makuu, akaufundisha kwa miaka tisa kuishi ndani ya ute juu ya nyama ya mtu. Aliuita K-7. Ulipopata mwanga ulitoa oksijeni pale pale kidondani, mahali ambapo damu ilikuwa imeshachoka kufika. Mgonjwa alitakiwa kufanya mambo mawili tu: kuuanika mguu juani kwa muda wa saa tatu kila siku, na kwenda zahanati kila wiki kuchukua maji ya kuulisha, yaliyotoka kwenye mashine iliyofungwa kwa mtambo wa Sajili, daftari kuu la viumbe. Bila maji hayo utando ulikufa ndani ya siku tatu na kidonda kikarudi kuwa wazi.

Siku ya nne baada ya daktari wa mifugo kuondoka, usomaji wa jeni ulikamilika. Tusekile alitarajia kuona jina la mwani mweupe wa viweleni, ambao wafugaji wa nchi nyingi wanaujua. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaurudia. Alikwenda kuchukua karatasi za jeni za K-7 kwenye rafu, akazilinganisha mstari kwa mstari mpaka macho yakamuuma. Mwani wa kwenye maziwa ulikuwa mtoto wa bandeji hai. Ulikuwa umepoteza jeni arobaini na tatu, karibu zote zikiwa za kutengeneza umbijani, na zilizobaki zilikuwa za Lwitiko, moja baada ya moja.

Alikaa akifikiria Sajili. Zamani, alipoanza kazi, jina la kiumbe lilikuwa jambo la watu wachache wa vitabu, wakabishana kwa miaka na dunia isijue. Siku hizi kila kiumbe kilichotumika kwa dawa au chakula kilikuwa ndani ya Sajili ya Viumbe, na jina likishaingia, mitambo iliyatekeleza matokeo yake bila kuuliza mtu. Mwaka uliopita mwainishaji mwenzake, mtoa majina ya viumbe kama yeye, aliandika saa nne asubuhi kwamba mwani wa chakula cha samaki ulikuwa na ndugu mwenye sumu. Kufikia saa nane mchana matangi ya mikoa sita yalikuwa yamejichemsha yenyewe kuua mwani wake. Lilikuwa jambo jema, na hakuna aliyeumia. Lakini hili lilikuwa jingine. Akiandika kwamba mwani mweupe ni mtoto wa K-7, mashine za maji katika zahanati zote zingejifunga siku hiyo hiyo, na ndani ya wiki moja vidonda elfu kumi na moja vingekuwa wazi.

Kulikuwa na mlango mwingine, na huo ndio uliomtia hofu zaidi. Kanuni zilisema kiumbe kikipoteza jeni zaidi ya arobaini, mwainishaji anaweza, kwa hiari yake, kukiandika kuwa spishi mpya inayojitegemea. Huyu alikuwa amepoteza arobaini na tatu. Jina jipya, na bandeji isingeguswa. Mwani mweupe ungekuwa tatizo la ng'ombe.

Sheria ilimpa siku saba za kuandika, kuanzia siku hiyo.

*

Alimpigia Lwitiko, na Lwitiko aliendesha gari kutoka Mbeya asubuhi iliyofuata. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na tangu siku za chuo hakuwahi kuketi mbele ya Tusekile kabla ya kuambiwa. Tusekile alimwonyesha karatasi. Alizisoma akiwa amesimama, na alipomaliza aliziweka mezani taratibu.

Hakukana. Hilo Tusekile alilikumbuka baadaye na kumheshimu kwalo. Aliuliza maswali ya mtu anayeijua kazi yake: je, sampuli ilichanganyika, je, usomaji ulirudiwa, je, huyo mama mwenye ng'ombe ana bandeji. Tusekile alimjibu kwamba jina la mama huyo limo kwenye orodha ya zahanati ya Ibula, mwezi wa nane sasa. Hapo Lwitiko alivuta kiti mwenyewe akaketi.

Alizungumza kwa muda mrefu akitazama sakafu. Alisema anajua la kufanya: kuna jeni mbili za kuungia mwani chakula chake na mwanga, viwe kama miguu miwili, kimoja kisiende bila kingine. Ukipoteza ukijani ufe papo hapo. Alihitaji miezi mitatu. Katika miezi hiyo bandeji ziendelee, na yeye mwenyewe angepita zahanati kwa zahanati kutafuta waliogeuka weupe. Alichokiomba ni mwalimu wake autumie mlango ambao kanuni zenyewe zimeuacha wazi. Alimkumbusha habari za mama yake mzazi, aliyekatwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akazikwa, katika miaka ambayo yeye alikuwa bado anasoma.

"Sikuombi udanganye, mwalimu," alisema. "Arobaini na tatu ni zaidi ya arobaini."

"Nikiandika hivyo, daktari wa Kigoma au wa Lindi akiona uvimbe mweupe kwenye goti la mtu, ataufananisha na nini? Atafungua Sajili, atakuta spishi ya ng'ombe wa Rungwe. Hataitazama bandeji."

"Na ukiandika vingine, hatakuwa na goti la kutazama." Aliutazama utando wa kijani. "Wewe mwenyewe una mguu."

"Ndiyo maana siuamini mkono wangu," Tusekile alisema.

Tusekile alimwambia kwamba jina haliandikwi kwa karatasi peke yake, na kwamba kesho yake angekwenda Ibula kuona mwani ulikopotezea rangi. Lwitiko aliomba waende pamoja. Alimkatalia, kwa sababu mama yule asingesema kweli mbele ya aliyemtengenezea dawa.

*

Atuganile, mwenye ng'ombe wale, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Bupe, aliishi kwenye mteremko juu ya mto, kati ya migomba na majani ya kulishia ng'ombe. Ibula ni mahali pa ukungu. Kuna siku jua huonekana saa tano na kuondoka saa saba. Alimkaribisha Tusekile ndani, akamwekea chai ya maziwa, kisha akayakumbuka maziwa na kuiondoa chai kwa aibu. Alikuwa mjane wa makamo, mkubwa wa mikono, na alitembea akiuvuta mguu wa kulia, uliovikwa soksi ndefu ya sufu mpaka gotini na kanga juu yake.

Tusekile hakuanza na maswali. Alivua kiatu, akauweka mguu wake wa kijani mkekani. Mama Bupe aliutazama kwa muda, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutana na mwenzake njiani.

Alieleza bila kuhimizwa. Miezi mitatu ya mwanzo aliuanika mguu uani kama nesi alivyomwelekeza, na kidonda kikaanza kuziba. Kisha siku moja bombani akina mama walimwita mwenye mguu wa chura. Walikuwa wanatania tu. Lakini neno lilimfuata kanisani, na kwenye kwaya aliyesimama naye sauti ya pili alisogea pembeni, kama kwa bahati. Ndipo alipovaa soksi. Alikwenda zahanati kila wiki kuchukua maji, alilisha utando wake bila kukosa hata siku moja, na aliamka kukama kabla ya jua. Mguu ule ulikuwa haujaona mwanga tangu mvua za kwanza.

"Nilidhani kulisha kunatosha," alisema.

Aliishusha soksi. Utando ulikuwa mweupe, mzito, kama mtindi ulioachwa wazi. Kidonda chini yake kilikuwa kimepanuka, na juu yake, kwenye muundi, palikuwa na vinundu vitano vigumu chini ya ngozi, vikipanda kuelekea gotini. Tusekile alivigusa kwa kidole kilichovikwa glavu, kimoja kimoja. Alijua ameona kile ambacho jeni hazikuweza kumwambia. Mwani ulikuwa umewekwa gizani ukiwa na chakula tele, wiki baada ya wiki, na ukafanya alichofanya kila mmoja wa ukoo wake aliyewahi kujikuta hapo. Mikono iliyosafisha mguu ndiyo iliyokama ng'ombe.

Mama Bupe aliuliza kama ni yeye aliyewaponza ng'ombe wake. Tusekile alimwambia hapana, kwamba hakuna aliyemweleza kisa cha jua, aliambiwa amri tu. Mama Bupe aliuliza pia kama mguu utakatwa.

"Sijui, dada yangu. Nitakupeleka hospitali leo hii hii, na mimi nitakaa hapo mpaka wakuambie."

Alipokuwa akifunga mlango wa nyumba, Mama Bupe alimtajia wengine watatu wa Ibula wanaovaa soksi. Mmoja wao alikuwa mchungaji.

*

Hospitali ilimlaza Mama Bupe. Tusekile alikaa naye mpaka madaktari walipozungumza naye, kisha akarudi Nyumba ya Mwani na sampuli za Ibula, akaweka mirija kumi na miwili chini ya taa: kutoka kwenye maziwa, kwenye utando, kwenye vinundu, na kwa wale watatu wengine. Alitaka kuona kama ukijani utarudi. Mwani unaolala gizani huamka. Uliopoteza vyombo vya kupikia hauamki hata ukiuweka juani mwaka mzima. Kwa haki aliweka mrija wa kumi na tatu, alioukwangua kwenye kunjo la kisigino chake mwenyewe, mahali ambapo mwanga haukufika vizuri. Chembe kadhaa humo zilikuwa zimepauka.

Mrija wa kumi na tatu ulirudi kijani baada ya siku mbili. Alihema kwa nguvu mbele yake, akajionea haya.

Siku ya saba, siku ya mwisho ya sheria, mirija tisa kati ya ile kumi na miwili ilikuwa na rangi changa ya mchicha. Mitatu, ya maziwa na ya vinundu, ilibaki myeupe kama chokaa. Hivyo ndivyo kweli ilivyokuwa, na haikupendelea upande wowote. Walio wengi walikuwa wamelala tu, na jua lingewarudisha. Wachache walikuwa wamekwenda moja kwa moja. Lakini wote walikuwa watoto wa mama mmoja, na mtu yeyote ambaye angewaita spishi ngeni angekuwa anaficha mlango waliopitia.

Alifungua ukurasa wa Sajili. Aliandika jina. Aliandika kwamba ni K-7, maumbo mawili, la usingizi na la kudumu, chanzo chake giza juu ya chakula. Kisha akaacha kidole juu ya kitufe cha kuwasilisha, akafikiria mashine za maji zikijifunga kuanzia Bukoba mpaka Newala, kwa watu ambao hawajui lolote. Alikiondoa kidole. Alimpigia Lwitiko.

Walilofanya siku tano zilizofuata lilikuwa kosa, na wote wawili walijua. Waligawana orodha ya zahanati mia nne na kumi, wakazipigia moja moja. Kila nesi aliambiwa maneno yale yale: mfungue mgonjwa utando mchana kweupe, ukiwa kijani mpe maji ya wiki nane leo, mwambie aanike mguu na mwambie sababu, ukiwa mweupe usimpe hata tone, mpeleke hospitali akachomwe sindano za dawa ya kuvu. Manesi waliuliza barua iko wapi. Tusekile alisema hakuna barua, kuna mimi, akawatajia jina lake lote na kuwaomba waliandike. Sauti yake ilikauka siku ya tatu, akaendelea kwa kunong'ona. Wapo waliomkatia simu. Wengi hawakukata.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, aliwasilisha. Mashine zilijifunga kama alivyojua zitajifunga. Alizima taa za meza yake, akaandika barua ya pili, kwa wakubwa wake, akieleza kwamba jina alilijua tangu siku ya kwanza na kwamba siku tano zilizozidi ni zake, si za msaidizi yeyote.

*

Uchunguzi ulichukua miezi minne. Ilionekana kwamba wagonjwa wapatao elfu nane walipata maji kabla ya kufungwa, na wengi wao vidonda viliziba kabla hayajaisha. Elfu mbili na mia tano hivi hawakupata, na kati yao waliokatwa miguu hawakuwa wachache. Weupe ulikutwa kwa watu mia tatu na arobaini. Karibu wote waliwahiwa. Mama Bupe alikatwa chini ya goti na akapona. Aliuza majani ya ng'ombe kwa jirani, na Jumapili moja alisimama kwenye kwaya kwa mguu wa bandia na magongo, sauti ya pili, na yule aliyesogea pembeni mwaka ule alimshikia kitabu. Lwitiko alipewa ruhusa ya kutengeneza aina mpya, kwa masharti mazito. Tusekile aliondolewa Nyumba ya Mwani. Hakukata rufaa. Alikabidhi funguo, akaenda rafu kwa rafu kumwonyesha aliyempokea ni mirija ipi haipendi kuhamishwa.

Waliokufa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa ameshafika mbali kabla ya yote haya. Wa pili alikuwa Feliksi Mgaya, fundi seremala wa kijiji kimoja nje ya Makambako. Nesi wake alikuwa na wagonjwa sitini siku ile. Alimtazama kwa haraka, akaona kijani, akampa chupa za wiki nane. Weupe ulikuwa upande wa nyuma. Kama mashine zingejifunga siku ya saba, Feliksi angerudi zahanati wiki hiyo hiyo kulalamika, na mtu angemgeuza mguu.

Tusekile alikwenda Makambako peke yake, wiki moja baada ya kukabidhi funguo. Alimkuta mjane, Skolastika, akipepeta maharage nyuma ya karakana yenye mbao ambazo hazijapigwa randa. Aliketi chini, akajitambulisha kwa jina na kwa kazi aliyokuwa nayo. Mama yule aliendelea kupepeta. Tusekile alimweleza yote, kwa mfululizo, hakuruka siku zile tano, wala hakuzitetea.

Skolastika aliuliza jambo moja kwanza: kama ni kweli alikuwa anaujua ubaya wa kitu kile wakati mume wake anapewa zile chupa.

"Nilikuwa najua, mama."

"Na ulikuwa unamjua yeye?"

"Sikumjua. Nilijua kwamba huenda akawepo mtu."

Ungo ulisimama. Skolastika aliyatazama maharage kama anayeyahesabu, kisha akauliza ni wangapi walipata dawa katika siku zile. Tusekile alimwambia wapata elfu nane. Mama yule alilirudia neno hilo kwa sauti ndogo, elfu nane, akageuza uso kuelekea kwenye mbao za mumewe, na mabega yake yakatikisika. Tusekile hakumsogelea. Alihisi hana haki ya kumsogelea. Alikaa alipokuwa, kwenye udongo, akisubiri kufukuzwa, na alikuwa tayari kuondoka bila kuaga.

Mwishowe Skolastika alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akauweka ungo pembeni.

"Wakubwa walileta barua," alisema. "Dereva aliikabidhi akiwa garini. Hakuna aliyeketi chini."

Aliinuka akaingia jikoni. Tusekile alisikia sufuria ikifunuliwa, na kuni zikisogezwa. Mama yule aliporudi alikuwa amebeba bakuli na birika la maji ya kunawa, akapiga magoti mbele ya mgeni, akainamisha birika.

"Nyoosha mikono," alisema.